Karatasi ya Mlangoni

Masika, mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi ukungu huzama mabondeni hapa Kapalamsenga, mkoani Katavi, mpaka mwembe wa uani kwangu hauonekani. Ni hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Siku kama hiyo husimama na mkono kwenye mwimo wa mlango, nangoja. Watoto wa jirani wanapita kwenda shule, wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," nawaitikia, lakini mguu hauvuki kizingiti mpaka nilione shina la ule mwembe. Imekuwa hivyo tangu Juni 2018. Mungu alinitoa mlimani. Ukungu bado haujanitoka wote.

Nakuandikia wewe ambaye leo huoni mbele. Sijui kilichokufunika. Huenda uko wodini unamwuguza mtu wako, huenda unangoja simu isiyolia. Nitakusimulia yangu kama yalivyokuwa.

Mume wangu alikuwa mvuvi. Mimi nikifundisha hapa, yeye akivua Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika, na kila mwisho wa wiki alikuja nyumbani na migebuka iliyobanikwa, imefungwa kwenye mfuko wa salfeti. Mwaka 2016, usiku wa giza, ule usiku ambao taa za wavuvi wa dagaa hufanya kazi vizuri, upepo uliamka ghafla. Mtumbwi ulionekana asubuhi. Yeye alionekana siku ya tatu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka 15. Msibani hakulia. Baada ya arobaini akaacha kuzungumza. Ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anajibu kwa kichwa, chakula anakula, shule anakwenda. Ila sauti yake tuliisahau. Bibi yake alikuwa akimwita karibu, anamshika kidevu, anamwambia, "Baba, sema hata moja." Kijana anatazama chini. Jumuiya yetu ilisali novena nyumbani. Nilisubiri. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Mdogo wangu wa kike aliolewa Komoro. Alikuwa na duka la nguo Kariakoo, na Wangazija wengi huja pale kununua bidhaa. Mmoja akarudi mara ya pili, ya tatu, akatuma wazee. Sasa anaishi Moroni, kisiwa cha Ngazija. Alipoona mambo yetu yamekwama, alinipigia simu. "Dada, mlete huku likizo. Huku kuna bahari na kuna mlima wa moto. Atatazama kitu kipya." Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja kuanza cha tano mwezi Julai. Nilipomweleza, aliinua macho. Akauliza, "Karthala?" Neno moja. Alikuwa amelisoma kwenye kitabu cha Jiografia. Nililia jikoni, nikatoa akiba yangu ya miaka mitatu.

Sisi wa Katavi tuko kwenye Bonde la Ufa la magharibi, lakini milima ya kwetu, hata ile ya Mahale iliyo kaskazini, imeinuliwa na nyufa za ardhi, haikumwagwa na moto. Mwanangu alikuwa hajaona volkano. Mimi pia. Wala bahari sikuwa nimeiona.

Kwa hiyo nilipanga. Mwalimu wa shule ya msingi hupanga kila kitu kwa njia moja, nami nilichukua karatasi ya daftari nikaigawa safu kama andalio la somo: siku, muda, hatua, zana, tathmini. Upande wa kwanza niliandika matembezi ya pwani, upande wa pili mlima. Nilipiga simu Moroni karibu kila jioni kuuliza. Mdogo wangu alinijibu yote kwa subira, lakini kuna jambo alilolirudia mpaka likanichosha: "Dada, huku hakuna mto." Hakuna hata kijito. Ngazija yote ni mawe ya volkano yenye matundu. Mvua ikinyesha, ardhi inainywa papo hapo, na watu wanakinga maji ya mapaa kwenye matangi ya saruji. Nikaandika kwenye safu ya zana: Maji, lita 20.

Tulikwenda Mpanda kufuata pasipoti, tukapanda treni ya Tabora, tukashuka Dar es Salaam, tukapanda ndege. Idi ilikuwa imepita wiki moja. Kutoka Kapalamsenga mpaka Dar tulitumia siku nyingi. Kutoka Dar mpaka Moroni ni mwendo mfupi sana, hujamaliza kushangaa bahari unaambiwa funga mkanda. Kisha unaona kisiwa cheusi. Lava imeshuka kutoka mlimani ikaingia baharini ikagandia humo, na mawimbi meupe yanaipiga.

Siku za pwani zilikuwa nzuri, na sitaki mlima unipokonye kumbukumbu zake. Ziwa letu halina kupwa na kujaa, kwa hiyo ilibidi nijifunze. Jirani wa mdogo wangu, mvuvi, alinihesabia siku za mwezi kwa vidole: bamvua linakaribia, maji yatatoka mbali, tembeeni asubuhi, yakianza kurudi msiwe chini ya majabali. Niliandika saa zake zote kwenye karatasi. Tukatembea Iconi, ambako wenyeji walituonyesha genge refu na kutusimulia jinsi wanawake wa mji ule, mwanzoni mwa karne ya 19, walivyojirusha kutoka pale juu wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Bukini. Mwanangu alisimama akatazama chini muda mrefu mpaka nikamshika mkono. Tukaenda kaskazini, Mitsamiouli, mchanga mweupe na mawe meusi pamoja, na upepo unaleta harufu ya mlangilangi. Karibu na Bangoi-Kouni kuna ziwa la maji ya chumvi ndani ya kreta ya zamani, hatua chache kutoka baharini. Mzee mmoja alituambia kwamba zamani palikuwa na mji pale. Mgeni alipita na kiu, akaomba maji, akanyimwa, na mji ukazama. Niliisikiliza kama hadithi.

Ni Mitsamiouli mwanangu alikozungumza. Shemeji, mdogo wake mume wa mdogo wangu, ndiye aliyekuwa akitutembeza. Alituonyesha bahari, akasema kwamba Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa na watu iliishiwa mafuta ikaanguka pale mbele, watu 175 ndani yake, na 50 wakapona. Kijana akauliza, "Nani aliwatoa?" Shemeji akajibu kwamba wenyeji na wageni wa hotelini waliingia majini na boti zao, kila aliyekuwa na chombo. Mwanangu akanyamaza. Tulitembea labda nusu saa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Baba angekwenda."

Nilimshukuru Mungu pale pale, viatu mkononi, maji yakinifika kwenye vifundo. Nikaamini kazi imekwisha. Mlima ulikuwa umebaki kama zawadi tu.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipo. Njia ya Karthala tuliyoichagua huanzia Mvouni, juu ya Moroni. Kilele kina mita 2,361. Kule Mvouni kuna watu wanaoijua njia na hulipwa kuwaongoza wageni. Nilipiga hesabu ya fedha zilizobaki, nauli ya kurudi ikiwemo. Shemeji akasema yeye amewahi kupanda, anaijua. Nilipaswa kumwuliza lini. Sikuuliza. Alikuwa amepanda mara moja, miaka mingi nyuma. Simlaumu, alinionea huruma na fedha zangu. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi.

Na usiku wa kuamkia safari, nilipoinua mzigo, nikaona lita 20 ni nzito mno kwa watu watatu, juu ya mablanketi na chakula. Nikachukua kalamu. Nikakata 20, nikaandika 10. Chini yake nikaongeza chupa sita ndogo. Mdogo wangu alikuwa anasonga ugali, akageuka akaona. "Dada, usipunguze maji." Nikamwambia tunalala mbili tu. Jumatano kupanda na kulala chini ya ukingo, Alhamisi kuiona kreta na kurudi pale pale tulipolala, Ijumaa kushuka, alasiri tuwe Mvouni. Akanyamaza. Akaichukua ile karatasi, akainakili namba ya simu ya shemeji pembeni, akaibandika kwenye mlango wa jikoni kwa ubani aliokwisha kuutafuna. Nilimwambia haina haja. Akasema, "Niachie tu."

Jumatano, Juni 27, tulianza alfajiri. Kwanza migomba na mihogo ya watu, halafu msitu wenye kuvu linaloning'inia kama ndevu, halafu vichaka vigumu vyenye majani kama sindano. Shemeji alitusimulia njiani kwamba mwaka 1977 lava ilishuka upande wa kusini-magharibi ikafunika nyumba za Singani, watu wakiwa wameshakimbia, na kwamba mwaka 2005 mlima ulitoa majivu, Aprili na tena Novemba, yakaingia kwenye matangi, na maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa huku matangi yao yamejaa. Mwanangu aliuliza maswali. Aliuliza! Majivu yana rangi gani, mlima hulala miaka mingapi. Tulikunywa bila kujizuia, kwa sababu jua lilikuwa kali na furaha ilikuwa nyingi. Tulipofika mahali pa kulala, chupa zote sita zilikuwa tupu.

Alhamisi asubuhi tulijaza chupa tatu kutoka kwenye dumu. Dumu tukaliacha pale chini ya kichaka, pamoja na mablanketi na chakula, maana tungerudi mchana. Tukapanda ukingoni.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Bakuli la mlima, upana wake kilomita tatu kwa nne, kijivu kitupu, na ndani yake shimo jingine, na mvuke unatoka kwenye nyufa bila sauti. Mwanangu alipiga magoti. Tukashuka ndani kidogo, halafu kidogo tena. Mguu unazama kwenye changarawe ya majivu, na ukigeuka nyuma alama zako zinafanana na za mawe yaliyoporomoka. Saa sita mchana ukungu ulipanda kutoka baharini. Haukuja polepole. Ulikuja kama shuka linalotupwa.

Shemeji akasema tungoje, utaondoka. Tukangoja saa nzima. Akasema twende, njia ni hii. Tukaenda. Tukafika ukingoni, tukashuka upande wa pili, na vichaka vilikuwa vile vile, majani kama sindano, nikasema Mungu asante tumefika. Tukatafuta dumu. Tulizunguka kila kichaka. Tulitafuta mpaka giza.

Tulikuwa tumetokea upande mwingine wa mlima.

Usiku ule tulikaa watatu tumeshikana, bila blanketi. Maji yaliyobaki yalikuwa nusu chupa. Baridi ya kule ni baridi ya kweli, meno yanagongana mpaka taya zinauma. Mwezi ulikuwa mpevu juu ya ukungu, kwa hiyo palikuwa na mwanga mweupe pande zote, na hakuna kilichoonekana. Simu ya shemeji ilikuwa haina mtandao, na kabla ya alfajiri ikazima.

Ijumaa hatukuona jua. Tulitembea asubuhi yote. Maji yalikwisha. Mchana shemeji alisema ataenda mbele peke yake atafute njia, sisi tukae, tusiondoke hata hatua moja. Aliondoka. Tulisikia nyayo zake kwenye mawe. Halafu hatukuzisikia.

Hakurudi.

Mwanangu akasema anamfuata. Nikamkataza. Akasimama, akapiga hatua labda kumi ndani ya ukungu, nikasikia mawe yakiporomoka na sauti yake fupi. Nilitambaa kwa mikono nikamfuata. Alikuwa amelala chini ya jiwe la lava, goti limechanika, damu inaingia kwenye kiatu. Mawe yale yana makali kama chupa iliyovunjika. Nilifunga goti kwa kitambaa cha kichwani. Nikamvuta mpaka kwenye kichaka. Nikakaa, kichwa chake kwenye mapaja yangu.

Jioni ikaja. Akaanza kutetemeka. Mwili ukawa moto.

Nikamwita. Akafungua macho.

Nikamwita tena. Hakujibu.

Ulimi wangu ulikuwa umeganda kwenye kaakaa. Nilianza rozari kwa vidole, kwa sababu rozari yenyewe ilikuwa kwenye mzigo, pale penye dumu. Nikifika kwenye salamu ya tatu au ya nne nasahau nilipofika. Naanza upya. Nikawa naona ziwa. Naona Ikola, maji yote yale, marefu kutoka kwetu mpaka Zambia na Burundi, na mume wangu amesimama kwenye maji yanayomfika kiunoni. Nilimlilia Mungu kwa hasira. Nilimwambia maji yamemchukua mume wangu na sasa yamegoma kuja kwa mtoto wangu. Nilisema maneno ambayo mwanamke wa Jumuiya hasemi. Nakueleza haya ili kama na wewe umeyasema, usidhani umejitenga naye. Mimi niliyasema, na bado nilikuwa mikononi mwake.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilihisi kitu kwenye mkono. Tone. Nikadhani ni damu ya kijana. Nikaonja. Lilikuwa maji.

Ukungu ulikuwa unaganda kwenye yale majani ya sindano, unadondoka. Matone madogo, huwezi kuyakinga. Nikakumbuka shambani kwetu, jinsi kitenge kinavyolowa chepechepe ukipita alfajiri kwenye nyasi zenye umande, mpaka unakikamua kabla ya kuanza kulima. Nilivua kitenge changu cha juu. Nikakiburuta kwenye vichaka, taratibu, kichaka hiki, kichaka kile, nikihesabu hatua kutoka kwa mtoto nisimpoteze: tano kwenda, tano kurudi. Nikakikamua juu ya kifuniko cha chupa. Kikajaa nusu. Maji meusi, yana ladha ya majivu na sabuni.

Nikampa. Yakamwagika shavuni.

Nikarudi. Tano kwenda. Tano kurudi. Kifuniko cha pili alimeza. Nilisikia koo lake likimeza. Katika maisha yangu sijasikia sauti nyingine iliyonishika namna ile.

Nilihesabu vifuniko usiku kucha. Vyake ishirini na saba. Vyangu vinne. Vidole vilikufa ganzi, nikawa nakamua kwa meno na mkono mmoja. Sikuwa nasali tena kwa maneno. Kila kifuniko nilisema, "Na hiki." Basi.

Sasa nikuambie yaliyokuwa yakitendeka chini, ambayo sikuyajua. Ijumaa alasiri mdogo wangu alitazama ile karatasi mlangoni. Niliandika: saa kumi, Mvouni. Alingoja mpaka saa kumi na moja. Alipiga simu, haipatikani. Mume wake akasema wamechelewa tu, watalala, watashuka kesho. Yeye akasema, "Dada yangu akiandika saa kumi ni saa kumi." Akabandua karatasi. Wakapanda gari mpaka Mvouni, wakafika magharibi. Baada ya swala ya isha, maneno yetu yalisemwa msikitini: mama wa Tanzania, mwanawe, na kijana wa Moroni, wako mlimani, maji waliyobeba ni haya, walipanga kulala hapa. Walisoma kutoka kwenye andalio langu. Vijana kumi na mmoja waliinuka. Hawakunijua. Dini yangu si yao. Walichukua tochi na madumu wakapanda usiku ule ule, na wazee wakabaki msikitini wakisoma dua, na mdogo wangu nje amekaa kwenye ngazi, rozari mkononi, akipiga simu nyumbani Kapalamsenga kumwamsha mama. Mama naye aliamsha Jumuiya. Kwa hiyo saa zile nilipokuwa namtukana Mungu kwamba ameniacha, kulikuwa na watu wanapanda, na watu wanasali kwa Kiarabu na watu wanasali kwa Kiswahili, ng'ambo mbili za bahari.

Kabla ya mapambazuko walifika kwenye dumu na mablanketi. Waliona hatukulala pale. Wakajua tumevuka. Wakajigawa.

Mimi nilisikia sauti Jumamosi asubuhi, mbali sana. Nilifikiri ni masikio. Nikajaribu kuita, koo halikutoa kitu, upepo tu. Sauti ikaja tena, halafu ikaanza kupungua. Walikuwa wanapita. Nikapiga mawe kwa mawe. Walikuwa wanakwenda zao.

Ndipo mwanangu akajiinua kwa kiwiko. Akaweka viganja mdomoni. Akatoa ule wito ambao wavuvi wa Ikola huitana usiku ziwani, mtumbwi kwa mtumbwi, mrefu, unaanzia chini na kupanda. Baba yake alimfundisha akiwa mtoto mdogo. Aliutoa mara moja. Akapumua. Akautoa tena.

Sauti zile zilinyamaza. Halafu zikajibu.

Aliyefika wa kwanza alikuwa kijana mwembamba aliyevaa kandambili. Kandambili, kwenye mawe yale! Alipiga magoti, akamwinua mwanangu kichwa, akamnywesha kwa kijiko, si kwa chupa, akimwambia kidogo kidogo. Shemeji walikuwa wameshamwona, kifundo cha mguu kimeteguka, amejikokota usiku mzima akituita upande ambao hatukuwepo. Wakambeba mwanangu kwa zamu mgongoni. Mimi walinishika mkono huku na huku. Pale Mvouni mzee mmoja alinipa uji. Nilimwambia, "Shikamoo baba, asante." Akatabasamu. Kwao anayeshukuru husema marahaba, na kwetu marahaba ni jibu la shikamoo. Niliambiwa baadaye. Nilirudi kwake nikamwambia vizuri, marahaba, marahaba, mpaka akanishika mikono nikae.

Tulilazwa hospitalini siku tatu. Kijana alishonwa goti, akawekewa maji ya mshipani. Usiku wa pili aliniuliza, "Mama, ulikuwa unahesabu nini?" Nikamwambia vifuniko. Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kuzungumza, na alizungumza mpaka muuguzi akaja kutuomba tulale. Alizungumza habari za baba yake. Jinsi usiku ule wa 2016 baba alivyomwambia aende naye ziwani, naye akakataa kwa sababu ya mtihani. Alikuwa ameubeba mzigo huo karibu miaka miwili, peke yake, ndani ya nyumba yangu, na bibi yake anamshika kidevu anamwambia aseme.

Sitaki useme kwamba mlima ulimponya. Mimi siusifu ule mlima. Siku nyingine namwona kwenye ndoto amelala chini ya kichaka na kitenge changu kimekauka, nakamua, hakitoi kitu. Naamka nakwenda kushika mtungi, nahakikisha kwamba una maji.

Ile karatasi mdogo wangu alinipa uwanja wa ndege. Ina mikunjo, ina alama ya ubani, na mgongoni ameandika namba za simu kumi na moja, za vijana wale, kwa mwandiko uliotetemeka. Kwenye safu ya zana bado unaiona 20 iliyokatwa kwa mstari mmoja, na 10 juu yake. Nimeibandika nyuma ya mlango wangu hapa Kapalamsenga. Kila Idi na kila Krismasi tunapigiana salamu na wanaopatikana.

Septemba 2023, mwanangu akiwa amemaliza chuo, masomo yake Jiografia na ualimu, alinipigia simu kutoka Arusha. Yeye na wenzake wanataka kupanda Oldoinyo Lengai. Nilikaa chini. Sikumkataza, ulimi tu ulirudi kwenye kaakaa kama siku ile. Hakunibembeleza. Jioni alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa karatasi ya daftari, imegawanywa safu. Mstari wa kwanza: maji, lita tano kila mtu, hazipunguzwi. Wa pili: kiongozi wa njia, Mmasai mwenyeji, ameshalipwa. Kuanza: saa sita usiku, kukwepa jua. Kuwa chini: saa saba mchana. Na mwishoni kabisa: Mama, bandika.

Niliinakili yote kwa mkono. Nikaibandika kando ya ile nyingine. Siku yenyewe nilitoa kiti, nikakiweka kinatazamana na mlango, nikaketi na rozari. Saa saba ilifika. Saa saba na robo simu iliita, akaanza kunieleza, mlima ulivyo mkali, majivu meupe yalivyo miguuni, jua lilivyochomoza. Alizungumza haraka haraka kama baba yake. Sikumkatiza.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo, baba. Maji yamebaki?"

"Yamebaki," akasema. "Chupa nzima."